Shavu Lisilopigwa Msasa

"Inua upande wako, Dada. Kidogo tu."

Dada yake akainua. Mikono yake ilitetemeka, kama ilivyotetemeka siku zote tangu augue, lakini hakuuachia mzigo ule uliofungwa kwa shuka. Fundi Fremu, aliyekuwa akipanda kinyumenyume ngazi za nyumba ya mteja wake, muuguzi, alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndani ya shuka lile dada alikuwa amembeba mama yao, na hakujua.

Asubuhi hiyo dada alikuwa amefika karakanani kwa Fundi bila taarifa. Amepata chumba chake mwenyewe, alisema, na sasa anaitaka ile picha ya Mama.

"Ipo," Fundi alijibu upesi. "Tutaitoa tukirudi, mteja ananisubiri."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Dada alikunja mikono ya gauni lake akasema, "Basi twende, nikusaidie kushika."

Picha ile aliichora dada mwenyewe, enzi vidole vyake vikimtii. Mama alikimbia kamera kama kuku aliyeona mwewe, kwa hiyo hakuacha sura nyingine yoyote duniani. Kisha muuguzi akaagiza picha kubwa nyeupe, ya haraka, na turubai mpya za kuchorea zikachelewa kufika. Kule nyuma ya karakana Mama alikuwa ameegemezwa, kavikwa vumbi, uso umegeukia ukutani. Fundi alijiambia kwamba dada ameshaisahau. Alijiambia mengi siku ile.

Turubai kuukuu hupigwa msasa kwanza mpaka iwe laini kama sahani, ndipo ipakwe upya. Alianzia pembeni, akasugua vizuri tu, lakini alipofika shavuni mkono uligoma. Basi akampaka hivyo hivyo: weupe wa maziwa, weupe wa ganda la yai, na kijivu chepesi kama majivu yaliyopoa. Muuguzi alipokuja kuiona alisema, "Hii hii," na tangu hapo Fundi hakulala vizuri.

Sebule ilikuwa na kochi la rangi ya mchanga na ukuta mmoja mtupu. Muuguzi alikuwa ametoka zamu, bado na viatu vyake vya kazini.

"Huko wodini kelele zinanitosha," alisema. "Nikirudi hapa nataka ukuta usionidai kitu."

"Majirani watasema umenunua ukuta mwingine ukauweka juu ya ukuta," dada akatania.

"Wameshasema! Wao wapambe kwao na maua ya plastiki, mimi niache na weupe wangu."

Wanawake wawili wakacheka. Fundi alipanda kwenye kigoda, akagongea ndoano, akaitundika picha huku dada akiishikilia kwa chini. Alikuwa anaona aibu hata kuitazama.

"Ngoja niwaonyeshe ninapotaka mwanga utokee," muuguzi akasema, akalifungua nusu pazia la dirisha la pembeni.

Mwanga ukapita ubavuni mwa turubai. Matuta ya rangi ya zamani yakatoa vivuli vyembamba chini ya weupe: mstari wa shavu, kisha kilemba, kisha mkunjo wa mdomo wa mtu anayejizuia kucheka.

"Mnaona?" muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Sijui ni nini. Lakini kule kwako, Fundi, nilipoitazama tu, nilihisi kama kuna mtu ananisubiri nisinzie."

Dada alikuwa amesogea karibu mno na picha, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Dada," Fundi alisema kutoka juu ya kigoda. "Nimekukosea. Sina cha kujitetea."

Muuguzi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Kwani imepinda?"

"Haijapinda," dada alisema. Kidole chake kilipanda kwenye turubai, kikalifuata shavu polepole, kikafika kwenye kona ya mdomo, kikabaki pale kinatetemeka. Hakugeuka.

"Kitinda," akamwita, kwa lile jina la utoto la mtoto wa mwisho, ambalo hakuwa amemwita tangu Mama afariki. "Shuka hapo. Fungua pazia lote, nimwone vizuri."

Akashuka, nyundo bado mkononi, akalivuta.