Ukavu Kwanza, Kilo Baadaye

Nasra alikuwa na uhakika na programu yake, na uhakika wa mtu wa kompyuta ni kitu cha kuogopwa. Miezi minne yeye na mwenzake Fidelis walijifungia katika ofisi yao ya chumba kimoja, Morogoro Mjini, wakikiandikia programu kikundi cha wakulima wa mdalasini wa milimani, upande wa Kinole. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza: gunia linawekwa kwenye mizani, kijiti cha kupimia unyevu kinachomekwa ndani, kompyuta inasema kama mdalasini umekauka vya kutosha. Siku ya majaribio wakapanda nayo mlimani, na gunia la kwanza, kwa heshima, likawa la Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni mama mfupi, mkavu, asiye na maneno mengi, na tangu aanze kuuza mdalasini gunia lake halijawahi kurudishwa na mtu. Siku hiyo gunia hilo ndilo lilikuwa liende mjini kwa mnunuzi kama sampuli ya kijiji kizima, naye mwenyewe alikuwa ashuke nalo kwa gari la kikundi baada ya adhuhuri. Kwa kuwa anashuka, majirani walishamletea vifurushi vya ndugu zao wa mjini, akavifunga vyote katika kitenge kimoja.

Skrini ikawaka nyekundu. Unyevu thelathini na moja, haufai.

Looh! Minong'ono ikaanza. Unyevu wa kiasi hicho haujileti wenyewe. Bila shaka mtu kanyunyizia maji ili gunia lizidi uzito. Hakuna aliyelisema kwa sauti, na ubaya ndio huo, maana jambo lisilosemwa utalijibuje? Bi Zuhura alichomoa ganda moja, akalivunja mbele ya wote, likalia ka, kavu kabisa. Akaomba kwa utulivu gunia lipimwe tena. Likapimwa. Thelathini na moja ile ile.

Hapo Mzee Hatibu, jirani yake wa miaka yote, akasogea akamwomba amrudishie kifurushi chake, ati atatafuta mtu mwingine wa kukipeleka. Nasra alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Zuhura hakubishana. Alifungua kitenge, na ndani mlikuwa na vifurushi kumi na kimoja, vingine vimefanana kama mapacha, kila kimoja kimefungiwa kijitambaa chenye jina la anayepelekewa na mtaa wake. Hakupapasa, wala hakuhesabu cha pili toka juu au cha tatu toka chini. Alisoma jina, akatoa.

"Cha Witness, Kilakala," akasema, akamkabidhi, akafunga kitenge chake.

Nasra alimtazama mama yule, ametiwa doa mbele ya kijiji kizima na bado anakabidhi mali ya watu kwa jina, bila kukosea, akajikuta anamstahi kuliko walimu wote waliomfundisha chuoni. Na hapo hapo akaliona kosa lake.

Iko hivi. Ndani ya programu kuna visehemu vinavyoitwa methodi: unaituma methodi kazi, inarudi na jibu. Java, lugha waliyoitumia, ina sharti lake: methodi inarudi na kitu kimoja tu. Ya Nasra ilitakiwa irudi na viwili, uzito na unyevu. Basi akafanya ujanja, akazipanga namba mbili kwenye orodha moja isiyo na majina, akairudisha orodha. Ya kwanza kilo, ya pili unyevu. Yeye ni binti wa muuza mchele sokoni, na sokoni mzigo huanza na kilo.

Lakini skrini aliiandika Fidelis, na Fidelis kazaliwa huko huko mlimani, ambako watu hutaja ukavu kwanza, kilo baadaye, kwa sababu ganda bichi hakuna anayejisumbua kulipima uzito. Hakuuliza. Alichukua namba ya kwanza akaiita unyevu, na mdalasini ukikataliwa skrini yake haionyeshi kilo kabisa. Ofisini walijaribu kwa namba za kubuni, kilo kumi na unyevu kumi, kwa uvivu tu, na kila kitu kikapita vizuri. Kumbe gunia la Bi Zuhura lilikuwa na kilo thelathini na moja.

Nasra alimvuta Fidelis pembeni akamweleza. Fidelis akashika kichwa, kisha akasema wazigeuze tu hizo namba, dakika moja kazi imekwisha. Nasra akakataa katakata. Kesho atakuja mwingine aliyelelewa kwingine, atazigeuza tena, na mama wa watu aitwe tapeli mara ya pili? Akakaa juu ya kreti, akaunda klasi mpya, yaani kama kifurushi cha taarifa, aliyoiita Kipimo, yenye nafasi mbili zilizoandikwa majina, uzito na unyevu. Sasa methodi ilirudi na kitu kimoja kama Java inavyotaka, ila ndani kila namba ilikuwa na jina lake, na anayetaka unyevu aombe unyevu. Ilimchukua robo saa, na aliipenda robo saa ile kuliko miezi minne yote. Ufundi wenyewe alijua kautoa kwenye kitenge cha Bi Zuhura.

Akasimama mbele ya watu.

"Mama, naomba nipime tena. Kosa ni letu, si la gunia lako."

Gunia likapanda mizani. Kijani. Unyevu kumi na mbili, uzito thelathini na moja. Basi kila mtu akaanza kusema kwamba yeye alijua tu tangu mwanzo. Watu bwana! Mzee Hatibu alikuja taratibu na kifurushi chake. Akamnyooshea Bi Zuhura. Bi Zuhura alikitazama, asikipokee.

"Cha nani?"

"Cha Witness, Kilakala."

"Na kinapelekwa na nani?"

Mzee Hatibu akawageukia wale waliokuwa wakinong'ona, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani kwenye gari:

"Kinapelekwa na Bi Zuhura."

Hapo ndipo Bi Zuhura alipokipokea, akakifunga pamoja na vile kumi.