Maneno Aliyoyafuta Dada

Chai ilikuwa bado haijapoa, na tayari msimamizi wa jukwaa la mtandaoni alikuwa amefuta matusi ya kujaza nusu ya droo. Kila ujumbe alioufuta uliangukia humo, mkavu kama ganda la karanga, na aliyeuandika hakuweza tena kuyatamka maneno yale. Watu walishazoea. Muuza duka wa jirani, aliyepokonywa neno "mbwa", siku hizi alikuwa anabweka tu, na wateja walimwelewa vizuri. Kila Ijumaa mfagiaji aliimwaga droo kwenye pipa.

Siku hiyo kazi ilikuwa imemwelemea. Mashine ikamwekea alama nyekundu kwenye neno "vilema", naye akabonyeza bila kusoma lililotangulia wala lililofuata, maana ndivyo walivyofundishwa: neno likiwa limekatazwa, futa, songa mbele. Ujumbe ukadondoka drooni. Ndipo akaisikia sauti ya mdogo wake humo ndani ikisema, "Mwenye nyumba kaniambia, 'Vilema siwapangishi, watanifukuzia wateja.'"

Akauokota ujumbe ule, akaufunga kwenye leso yake. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, alitembea kwa magongo tangu utotoni, na kwa muda mrefu alikuwa akihangaika kutafuta chumba cha kushonea. Alikuwa amepania kulifikisha jambo hili kwenye baraza la usawa.

Msimamizi alikwenda kwa meneja.

"Bosi, huyu hakutukana. Katukanwa, akasimulia."

"Neno lipo, halipo?"

"Lipo."

"Basi. Akitaka kurudishiwa, akate rufaa kwa maneno yaleyale."

"Lakini ndiyo hayo asiyoweza kuyasema."

"Pole yake," meneja akasema, na alimaanisha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuuma msimamizi zaidi.

Kwenye baraza, sheria ilikuwa wazi: ni marufuku kumnyima mtu chumba cha kupanga kwa sababu ya ulemavu. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, tena kwa heshima. "Haya, fundi, alikwambiaje?"

Fundi alieleza jinsi alivyobisha hodi, akaeleza rangi ya mlango na jinsi mwenye nyumba alivyoyatazama magongo kabla ya kumtazama yeye. Alipofika kwenye maneno yenyewe, kinywa kikabaki wazi, kitupu. Dada yake akafungua leso aliyokuja nayo. Maneno yakajisema mbele ya wote, kwa sauti ya fundi, bila kukosa hata moja.

Mwenyekiti aliomba yajirudie, yakajirudia. Kisha akaeleza kwa upole kwamba ushahidi hupokelewa kutoka kinywani mwa mlalamikaji, siyo kwenye leso, na kwamba isitoshe jukwaa lenyewe lilishaamua kuwa maneno hayo ni ya chuki.

"Mheshimiwa, mimi simbagui mtu," mwenye nyumba akasema. "Chumba kilikuwa kimeshachukuliwa." Ulimi wake haukukwama popote. Shauri likatupwa.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, msimamizi akashindwa kujizuia. "Nisamehe, mdogo wangu. Ni mimi niliyefuta."

"Najua, dada. Hata vyombo ulikuwa unaosha hivyohivyo, bila kuangalia."

Wakacheka kidogo, kisha msimamizi akalia, na fundi akasimama kumsubiri, ameegemea magongo yake.

Maneno hayakuwa na pa kwenda, wakayaweka kwenye bakuli mezani. Jioni, walipokaa kula, yakaanza tena: mwenye nyumba kaniambia.

"Yafunike, dada," fundi akasema. "Chakula kinapoa."

Msimamizi akayafunika kwa sahani. Yaliendelea kusema chini yake, kwa sauti ya mdogo wake, huku mdogo wake akitafuna kimya.