Damu ya Upande wa Baba

Fundi cherehani alizoea kuiacha nguo chini ya sindano na kukimbilia chooni. Wenzake kiwandani walimtania kwamba kahamishia ofisi huko. Alicheka nao, kisha akajifungia na kutazama damu ikielea majini. Alijipa moyo kuwa ni amiba. Akanunua dawa, tumbo likatulia, halafu likarudi kwa kishindo. Magoti yalipovimba akawa anameza vidonge vya maumivu kama karanga, na damu ikazidi.

Mdogo wake, fundi rangi wa magari waliyemwita Vituko kwa mizaha yake, ndiye aliyemkokota hospitali siku alipoanguka kazini. Wakamwongeza damu, wakapitisha kamera utumboni.

"Utumbo mpana una vidonda," daktari alisema. "Si amiba. Kinga ya mwili wako, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imeugeukia utumbo wenyewe na haitaki kuacha."

"Kwani nimekosea nini?"

"Hujakosea. Mtu huzaliwa na mwelekeo huo, halafu kitu kikauamsha. Mara nyingi hatujui ni kipi. Ila vile vidonge vya maumivu viache, vinaweza kuchochea. Dawa ipo, ya kuutuliza ugonjwa, siyo kuufuta. Katika ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi?"

Ndugu hao wakatazamana. Shangazi yao alihara damu hadi akabaki mifupa mitupu. Watu walisema kalogwa na jirani yake, wakaibomoa nyumba ya jirani huyo na kumfukuza.

"Tulimwonea yule mama jirani," fundi cherehani alinong'ona.

Kwenye korido alingoja mzaha wa mdogo wake. Haukuja.

"Dada, hiyo damu, mwanzoni ilikuwaje?"

"Michirizi tu. Mbona unauliza?"

Vituko alikuwa ameegemea ukuta, jasho likimtiririka. "Mimi nilidhani ni bawasiri."

Dada mtu akamshika mkono, akamrudisha kwa daktari bila kubisha hodi.

Dawa zilimkubali fundi cherehani. Baada ya muda akarudi kwenye cherehani yake. Vituko naye akapigwa kamera. Vidonda vyake vilikuwa vimeenea utumbo mpana wote, na hakuwa amefikisha hata miaka thelathini. Aliuliza kuhusu wanawe wawili.

"Wengi hawarithi," daktari alimwambia.

"Na hao wachache?"

Daktari akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Hao," alisema, "utatuletea mapema."