Salamu Iliyokatazwa Uwanjani

Brigita alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, naye ndiye aliyekuwa mfungaji tegemeo wa mpira wa pete katika chuo kidogo cha kilimo nje ya mji wa Songea. Kanuni ya michezo ya vyuo ilimkubali mchezaji asiyezidi miaka ishirini na mitano. Miaka ambayo wenzake waliitumia darasani, yeye aliitumia kijijini Hanga, akilima na kumuuguza mama yake hadi alipomzika. Sasa alikuwa katika mwaka wa mwisho. Asipocheza mashindano ya vyuo ya mwaka huu, hapangekuwa na mengine.

Mwalimu Ramson, aliyeinoa timu, alimwandikisha kuwa ana miaka ishirini na minne. Kwa kuwa wachezaji wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, wakaguzi wa mashindano wangemhoji kila mmoja uwanjani. Brigita hakukubali wala hakukataa. Alitaka kucheza, na shauku hiyo ilimfunga kinywa.

Lipo jambo ambalo Ramson hakulifikiria mapema. Wasichana wa timu hiyo walikuwa wamelelewa vyema; kila asubuhi walimwamkia Brigita kwa shikamoo, naye akawaitikia marahaba. Mkaguzi yeyote mwenye masikio angeelewa. Basi Ramson akaagiza salamu hiyo ikome, na kila mmoja ajizoeze kumsalimu Brigita kama rika lake.

Agape ndiye aliyejaribu kwanza. "Niaje, Brigita," alisema, kisha akajificha nyuma ya wenzake. "Mama yangu angenisikia, chakula cha leo ningekijua kwa harufu tu."

Wakacheka, hata Brigita akacheka. Pamela, mdogo kuliko wote, hakucheka. Brigita ndiye aliyemfundisha kusimama imara chini ya goli, na ndiye aliyemlaza kitandani alipougua malaria.

Siku ya mchezo wa kwanza, timu ilipokuwa ikijipanga mbele ya wakaguzi, Pamela alipita karibu na Brigita, akatazama chini, akasema, "Mambo," kwa sauti ya mtu anayeiba. Brigita alikuwa amedhani kwamba uongo ule ni mzigo wake peke yake. Sasa aliona jinsi ulivyokwisha kugawanywa kwa wasichana wote wa timu.

Mkaguzi mkuu, mzee aliyeitwa Pankrasi, alimfikia na kumwuliza jina na umri.

"Shikamoo, mzee. Ninaitwa Brigita. Nina miaka thelathini na mmoja. Mimi ni mwanafunzi halali wa chuo hiki na ninaomba kucheza. Ukinikataa, nikatae kwa umri wangu huu."

"Marahaba, binti yangu. Kanuni sikuitunga mimi, ila nimepewa kuilinda. Toka mstarini."

"Nitatoka. Naomba uniambie kanuni hizi hutungwa na nani."

Pankrasi akamweleza kuwa hutungwa na kikao cha wawakilishi wa vyuo, ambacho kingeketi jioni ile. Kisha akamkaripia Ramson mbele ya watu wote, akairuhusu timu icheze, kwa kuwa ukweli ulisemwa kabla ya filimbi. Ramson akamnong'oneza Brigita kwamba amewauza wenzake. Brigita aliketi benchini, akamtazama Pamela akikosa goli baada ya goli katika nafasi aliyoiacha yeye, na chuo chao kikashindwa.

Jioni alikwenda kikaoni bila kualikwa, akasimama nyuma hadi aliporuhusiwa kusema. Alikiri kwamba ni haki kuwazuia watu wanaojiandikisha vyuoni kwa ajili ya kombe tu. Lakini aliyechelewa kwa sababu ya mgonjwa au mtoto, na anayesoma kama wengine, ana kosa gani? Mjumbe mmoja akasema kwamba suala hilo lingeweza kujadiliwa mwakani.

"Ila mwakani wewe utakuwa umekwisha kuhitimu," akaongeza.

"Najua. Liandikeni hata hivyo."

Hakuondoka hadi alipomwona katibu akiandika.

Kesho yake, kabla umande haujakauka, alimkuta Pamela uwanjani peke yake. Mchezo wa pili ulikuwa saa nne. Binti akaanza kulia, akisema kwamba nafasi ile si yake.

"Leo ni yako," Brigita alisema. "Kunja magoti. Usiutazame mpira, tazama pete."

Pamela akarusha, mpira ukagonga chuma. Brigita akauokota, akamrudishia.