Kiwiko, Kiuno, Kichwa

Umewaona. Usiniambie hukuwaona. Basi lako la kwenda Dutwa lilipokuwa linapita darajani, kule chini mtoni vichwa vya wanawake vilikuwa vimechomoza mchangani kama vimepandwa, na ndoo zinapanda kwa kamba. Ukageuza shingo, ukarudi kwenye simu yako. Siwezi kukushangaa. Mimi niliijua kazi hiyo ya kugeuza shingo kabla yako.

Mmoja wao alikuwa dada yangu, Nyamizi.

Utotoni alikuwa na kipimo chake. Kiangazi kikikolea alipiga magoti mtoni, akafukua kwa vidole, na mkono ulipozama hadi kwenye kiwiko, maji haya hapa. Baridi, yenye harufu ya mizizi. Yalitoka juu kwenye ngitili ya kijiji, eneo la majani na migunga ambalo wazee walilifunga, mifugo isiingie mpaka kiangazi. Mvua ilizama pale, kisha ikateremka polepole chini kwa chini hadi mtoni, miezi na miezi. Sisi tuliona majani tu.

Pamba ilipotutia wazimu, Ndaki, mwenyekiti wa kitongoji, akaitisha mkutano tuigawane ngitili. Nyamizi akasimama, ndoo mkononi.

"Mkilima pale juu, mimi huku chini nichimbe mpaka wapi?"

"Chimba tu, shemeji," Ndaki akamjibu. "Ukifika kwa mababu, utusalimie!"

Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka. Kisha tukaambiwa wanaokubali wanyooshe mikono, nikanyoosha wangu, bega langu likigusa la dada yangu. Aliutazama ule mkono. Usoni hakunitazama.

Nikapata ekari nne. Nikakata migunga, nikachoma visiki, nikafunga maksai kwenye plau. Msimu wa kwanza shamba lilikuwa jeupe hadi macho yanauma. Mwaka wa tatu mvua ileile ilishuka kwa siku moja tu, imebeba udongo wangu, ikampita Nyamizi bila kusimama, ikaenda kumwagika ziwani huko Nassa. Kiangazi kile ilibidi achimbe shimo la kumfika kiunoni ndipo aone maji. Kilichofuata, la kumfika kichwani. Halafu akaanza kuchonga vidato ukutani mwa shimo, mmoja anashuka kuchota, mwingine anabaki juu kuvuta.

Septemba ile, wa juu nilikuwa mimi.

"Kaka, mchanga unanimwagikia," akasema toka chini.

"Jaza kwanza hiyo ndoo. Ng'ombe wana kiu."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake.

Ukuta uliteremka bila kishindo, kama mtu anayeketi. Nilivuta kamba. Haikuja.

Tulichimba watu kumi na wawili mchana kutwa, kwa majembe na masinia. Tulipomfikia alikuwa bado ameishika ndoo. Imejaa, kama nilivyomtuma. Mchanga. Na chini ya nyayo zake maji yakaanza kutokeza, maana kina kile hakuna aliyewahi kukifikia. Tukamfunika kitenge, tukamtoa. Kesho yake wanawake walipanga foleni pale pale, ng'ombe wangu wakanywa, na mimi nikanywa. Yalikuwa baridi. Yana harufu ya mizizi.

Mazishini Ndaki alisema ni kazi ya Mungu. Siku ile ya mkutano sikumwona Mungu akinyoosha mkono.

Sasa upande huu imebaki ngitili moja, ya kijiji jirani. Jumamosi hii saa nne asubuhi wanakutana kuigawa. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Nitakuwepo kupinga, watanizomea kama kawaida yao. Njoo. Pole zako kaa nazo, nimezikinai. Shuka kwenye hilo basi, simama karibu yangu, na wakiita mikono, wako ubaki chini. Na akisimama mwanamke mwenye ndoo akauliza achimbe mpaka wapi, usicheke.