Matuta ya Shamba la Ignasi

Jumatatu, tarehe 9 Februari, mwaka 1953, Zita binti Ignasi hakuonekana shuleni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na hata watoto wanaotoka mbali walifika, matope yakiwa yamewapanda hadi magotini. Lakini Zita, ambaye kwao ni papa hapa Izia, ng'ambo tu ya kijito, hakufika. Masomo yalipokwisha, Mwalimu Flavian alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bertilla, kwa kuwa Bertilla ndiye aliyekuwa mama mlezi wa msichana huyo.

Kazi ya mama mlezi haikuwa na mshahara. Kina mama waliohitimu kisomo cha watu wazima walikuwa wameombwa na mwalimu wawasaidie watoto wa darasa la nne: kila mama akabidhiwe watoto wachache, awasikilize wakisoma jioni, na mmoja wao akikosekana aende kwao kuuliza kulikoni. Bertilla alikubali wakati mtoto wake mwenyewe, Albina, alipokuwa katika madarasa ya shule ileile. Mwezi wa Agosti, baridi ya kipupwe ilipokuwa kali, Albina alifariki kwa homa ya mapafu. Bertilla hakuacha kazi. Watu wakamsifu kwa moyo wake, naye hakujua moyo waliousifu uko wapi. Alikwenda kwa kuwa jioni ilikuwa imefika, alisikiliza kwa kuwa watoto walikuwa wakisoma, na aliporudi nyumbani alilala kwa kuwa taa ilikuwa imezimwa. Hata jina lake lilikuwa limegeuka. Zamani aliitwa Mama Albina. Sasa majirani, kwa huruma, walimwita Mama Leonsi, kwa jina la kijana wake mkubwa aliyekuwa Kabwe, ziwani, akichuuza samaki na ambaye hakuwa ameoa. Aliyaitikia majina yote mawili kwa sauti ileile.

"Mama Leonsi," mwalimu alisema, "Jumatatu ijayo mkaguzi anakuja. Mtoto asiyekuwapo siku hiyo, nafasi yake atapewa mwingine, na wanaoingoja ni wengi. Zita ndiye msichana pekee ninayemtarajia kwenda shule ya kati. Tukimpoteza huyu, sijui lini tutapata wa pili."

"Nitakwenda," Bertilla alisema.

Alimkuta Ignasi shambani na binti yake. Mwezi wa Februari katika Ufipa ni mwezi wa matuta: nyasi zimesimama kifuani, udongo umelainika, na mkulima huzilaza nyasi, akazifunika kwa mapande ya udongo hadi liinuke tuta la mviringo, zioze humo ndani ziwe chakula cha ulezi wa mwaka ujao. Atakayechelewa atakuta nyasi zimekomaa, na hizo hazikubali kufunikwa. Zita alikuwa ameinama na jembe lililomzidi kimo. Aliposalimu, hakusimama wima.

"Habari za kazi, Baba Zita?"

"Kazi inatuona, Mama Leonsi. Sisi ndio hatuioni mwisho wake."

Bertilla akaeleza habari za mkaguzi. Ignasi alimsikiliza huku akikwangua udongo kwenye jembe.

"Silvana ameteguka mkono," alisema, akimtaja mkewe. "Mikono iliyobaki ni yangu na ya huyu. Nikikosa matuta mwezi huu, mwakani niwasongee watoto ugali wa chaki?"

"Mkaguzi hatakuja tena mwaka huu."

"Basi mkaribishe kwangu. Mwambie aje na jembe lake."

Hakuwa amesema kwa ubaya. Bertilla aliitazama mistari ya matuta, akaona kwamba mzee huyo alisema kweli, akaondoka.

Jioni alimweleza mwenzake Mwanaheri, mke wa Bashiri mwenye duka na lori pale mjini. Mwanaheri naye alikuwa mama mlezi, tena mwenye bidii, na ulimi wake haukujua kupumzika.

"Kwani anataka nini mtu huyu? Mikono? Tumpe mikono! Keshokutwa twende tukamlimie, mtoto arudi darasani."

"Wewe, ulime?"

"Nicheke tu, shoga yangu. Majembe nimeyauza tangu niolewe, leo nitajua uchungu wake. Ila neno moja: tusile chao, tusinywe chao. Wasije wakasema wale mama walezi walifuata pombe."

"Sawa," Bertilla alisema.

Mwanaheri alizaliwa katika nyumba ya biashara, na desturi za mashamba alizisikia kwa mbali, kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha jirani. Bertilla alizaliwa Izia. Angelipima neno hilo hata kwa muda wa kuinua maji kisimani, angeligundua uzito wake. Hakulipima. Tangu Agosti alikuwa akiyaacha maneno yapite.

Jumatano, kabla jua halijapasua mawingu, walikuwa shambani: Bertilla, Mwanaheri, na mama wengine wawili wa kisomo. Ignasi alipofika aliwakuta wameshainua mstari mzima. Alisimama, kofia mkononi.

"Nani amewaita?"

"Hatukuitwa," Bertilla alijibu bila kuacha kulima. "Tumekuja kwa ajili ya Zita."

Ignasi alimtazama, kisha akalitazama tuta lililokuwa mbele yake, akavaa kofia yake na kurudi nyumbani kwa haraka. Baadaye Silvana alikuja, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni na mwingine umeshika kibuyu cha pombe ya ulezi.

"Poleni na kazi. Pozeni koo."

"Ahsante, hatunywi," Bertilla alisema.

"Hata kuonja, Mama Leonsi?"

"Hata kuonja."

Silvana alitua kibuyu chini. Alipiga magoti katika udongo ule mbichi, na kwa kuwa hakuweza kupiga makofi ya heshima kwa mikono miwili, alijipiga pajani kwa kiganja kimoja, taratibu, macho yakiwa chini. Kisha akakichukua kibuyu, akainuka na kwenda zake akitabasamu.

"Mbona katupigia magoti hivyo?" Mwanaheri alinong'ona. "Au ndivyo mnavyoshukuru?"

"Anashukuru," Bertilla alisema.

Walilima hadi jioni. Viganja vya Mwanaheri vilitoka malengelenge, naye akayaonyesha kwa kila waliyekutana naye njiani kana kwamba ni bangili mpya.

Alhamisi Zita hakuja shuleni. Ijumaa hakuja. Bertilla akavuka kijito.

Uani kwa Ignasi kulikuwa na kimea kimeanikwa juu ya mikeka na mitungi ya pombe imefunikwa kwa majani. Zita alikuwa ndani, ameketi mkekani, amepakwa mafuta na kufungwa khanga mpya. Alipomwona mlezi wake hakukimbia kuchukua kitabu kama kawaida yake. Aliinamisha uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona huji kusoma?"

Aliyejibu ni Silvana, akitokea jikoni kwa furaha. "Karibu, mkwe wangu, karibu! Mbona umekuja kwa mguu wako mwenyewe? Tulikuwa tunamngoja mshenga. Baba Zita anasema tumalize kabla ya Kwaresima. Na huyu sasa atakaaje na wavulana benchi moja, naye ameshalimiwa?"

Hapo ndipo Bertilla alipoelewa. Anayelima kwa ajili ya pombe huitwa, hulima, hunywa, hushukuriwa, na jambo huishia hapo. Lakini mama mwenye kijana asiye na mke, akifika na jembe lake katika shamba la mwenye binti pasipo kuitwa, akalima, na kibuyu kikiletwa akakikataa hata kwa kuonja, huyo amekwisha kusema analolitaka. Atakunywa siku atakapokubaliwa. Jambo hilo kila mtoto wa Izia analijua. Hata Zita alilijua, na ndiyo maana alikuwa ameketi pale na kumpa shikamoo ya mkwe.

Bertilla alisema tu, "Nitarudi," akatoka.

Mwanaheri aliposimuliwa alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. Kisha aliona uso wa mwenzake, akaacha.

"Ee Mola wangu. Na mimi ndiye niliyesema tusinywe." Alikaa chini. "Sikiliza. Kubali. Leonsi anahitaji mke, wewe unahitaji mtoto nyumbani. Ukishakuwa mkwe utasema, mke wa mwanangu nataka asome. Nani atakukatalia?"

"Silvana amekwisha kusema. Aliyelimiwa hakai benchi moja na wavulana."

"Angalau utakuwa naye."

Usemi huo Bertilla alirudi nao nyumbani. Alikaa mbele ya meko akaugeuza kama mtu ageuzavyo nguo kutafuta upande wake wa mbele. Zita angelala pale alipolala Albina. Angeteka maji. Angeita "mama" asubuhi. Bertilla alingoja aone kama furaha itakuja, au hata aibu. Havikuja. Kilichokuja ni hesabu kavu tu: mtoto huyu anajua kusoma kuliko wote, na Jumatatu ni keshokutwa ya kesho.

Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya Ignasi, akapiga magoti kama desturi itakavyo.

"Baba Zita, sikuja kuposa. Nilikuja kulima ili mtoto arudi shuleni. Pombe tuliikataa kwa kuwa tuliahidiana kutopokea kitu. Nilikosa. Mimi ni mzaliwa wa hapa, nilipaswa kujua."

Silvana, aliyekuwa akikoroga mtungi, aliacha mwiko ndani.

"Umeliinua jembe katika shamba langu mbele ya watu," Ignasi alisema hatimaye, polepole. "Ukakirudisha kibuyu changu. Jana mke wangu alimwambia kila mtu kisimani. Leo unaniambia binti yangu hakutakiwa?"

"Sikusema hatakiwi."

"Ulikuwa unanisaidia, eti! Nani kakwambia Ignasi anaishi kwa msaada? Ningesema pombe, watu wasingejaa hapa?"

"Wangejaa."

"Basi kavunje. Kila tuta uliloliinua. Nisiione alama ya jembe lako katika ardhi yangu."

Bertilla aliinuka akaenda. Mwanaheri aliposikia alikuja mbio, viganja vimefungwa vitambaa, ingawa hakuwa ameamriwa. Wale wengine wawili waliona haya, wakabaki makwao. Kuvunja tuta ni kazi ngumu kuliko kuliinua. Udongo ulikuwa umekwisha kushikana, na nyasi zilizokuwa ndani, zikiwa zimeanza kupata joto la kuoza, zilitoka nyeusi, zikinuka, zikatapakaa. Walivunja mstari wa kwanza, wakavunja wa pili. Mwanaheri alilia kwa hasira, akiwalaani Wafipa wote na vibuyu vyao, kisha akiomba radhi, kisha akianza upya.

"Na wewe huumii?" alifoka. "Tulilima siku nzima! Huoni uchungu?"

Bertilla alifikiri, kwa kuwa aliulizwa kwa dhati. "Mikono inauma," alisema.

Ignasi alisimama ukingoni akitazama. Walipomaliza, shamba lilikuwa kama mahali palipolala ng'ombe. Hakuwaaga.

Lakini shamba lililovunjwa huonwa na kila apitaye, na Izia ina wapitaji wengi wenye midomo. Kufikia jioni ilikuwa inasemwa kwamba Ignasi amekosa mkwe na amekosa matuta. Ignasi alisikia. Jumapili, misa ilipokwisha na watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, alipaza sauti:

"Jamani! Kesho kwangu kuna pombe na kuna matuta. Ilikuwa ya mkwe, sasa ni ya jembe. Anayejua kunywa na ajue kulima!"

"Na Silvana mgonjwa, atatugawia nani?" mmoja alimtania. "Au Zita ndiye atakayetuongoza shambani?"

"Zita?" Ignasi alisema, uso ukimwiva. "Zita atakuwa shuleni. Mnadhani mimi nimepungukiwa mikono hata nimtegemee mtoto? Asubuhi mtamwona na kitabu chake, mtu asije akasema Ignasi alimshikisha jembe kwa shida."

Watu wakacheka, wakakubali. Bertilla alikuwa amesimama nyuma yao na rozari mkononi. Alisikia kila neno, akafunga kilemba chake vizuri, akaenda nyumbani.

Jumatatu mkaguzi alifika, akamsimamisha Zita, akampa ukurasa, naye akausoma wote bila kukwama. Nafasi yake haikuguswa. Siku hiyohiyo, wanaume wa Izia walilifunika shamba la Ignasi kwa matuta mapya, wakiimba.

Ila sharti moja liliwekwa. Ignasi alimtumia mwalimu maneno kwamba binti yake asikanyage tena mlango wa Bertilla, kwa kuwa nyumba hizo mbili zimekwisha kuaibishana. Mwalimu akamhamishia Zita kwa Mwanaheri, naye Bertilla akakabidhiwa mtoto mwingine, Margareth, mdogo wa kimo na mzito wa kusoma.

Mwanaheri alikuja kumweleza jinsi Zita anavyosoma dukani, juu ya gunia la chumvi, na jinsi wateja wanavyosimama kumsikiliza. "Anakuulizia kila siku. Nimwambie nini?"

"Mwambie asome."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Jioni Margareth alikuja na kitabu chake. Akaanza ukurasa wa kwanza, akakwama. Bertilla alimngoja. Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Mtoto akarudia mwanzo, na Bertilla, mikono yake ikiwa bado imevimba, akasogeza taa karibu.

Nawe uliyesoma habari hii hadi hapa, usiiweke juu ya kabati. Yuko jirani yako ambaye herufi bado hazijamfungukia: keti naye, umsomee polepole, kisha karatasi hii mpe aliye na mtoto shuleni, naye ampe mwingine.