Kaptura ya Gesima

Kabla ya mbio zangu za kwanza za vilima, kule Gesima, nilisoma kila kitu: kupanda, kushuka, maji, chumvi. Hakuna aliyeandika kuhusu mama mkwe.

Kilima cha tatu nilikipanda nikiwa hoi, lakini wengi walikuwa nyuma yangu. Kileleni palikuwa na meza ya maji na ndizi, na aliyegawa alikuwa mama yake Persis, mke wangu. Mimi nilikuwa na kaptura ya kukimbilia, ile inayoishia pale inapoanzia. Kwetu Kisii, mkwe hamwonyeshi mama mkwe mapaja. Niliruka ndani ya shamba la majani chai kando ya njia, nikachutama.

Wakapita wote niliowaacha. Akapita hata mzee mmoja mwenye kitambi, akitafuna ndizi.

Hatimaye mama akasema, "Baba Duke, niligeuka zamani. Ungepita tu."

Kweli, alikuwa amenipa mgongo. Akanirushia leso yake bila kutazama nyuma. Nikaifunga kiunoni, nikakimbia.

Picha ya mwisho wa mbio ipo. Nimekuwa wa mwisho, na maandishi ya leso yanasomeka vizuri: MWENDA POLE HAJIKWAI.